Miaka saba ya udaktari wa meno au ufadhili wa chuo cha jimbo? Binti ana barua mbili mezani

BabaNeema_Columbus (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Naomba tusaidiane kichwa, hasa mliosomesha watoto Marekani au mliopita wenyewe shule za meno.

Binti yangu wa kwanza anamaliza haiskuli mwezi Juni. Tangu darasa la sita anasema atakuwa daktari wa meno, na chanzo ni mimi. Alinisindikiza kung'oa gego. Mimi nilitoka nimeshika shavu machozi yananitoka, yeye alitoka anamuuliza daktari kwa nini mizizi imepinda. Sasa ana barua mbili.

Ya kwanza ni chuo binafsi, mwendo wa masaa sita kwa gari. Wamempa mpango wa 3+4: miaka mitatu ya shahada ya kwanza, kisha anaingia moja kwa moja kwenye shule ya meno yenye mkataba na chuo hicho, miaka minne. Mwaka wa kwanza wa meno unahesabiwa kuwa mwaka wa nne wa shahada. Kiti wameshamwekea. Baada ya punguzo lao tutalipa kama dola 28,000 kwa mwaka, malazi ndani.

Ya pili ni chuo cha jimbo, dakika ishirini kutoka nyumbani. Ada wamefuta yote kwa miaka minne. Atalala kwetu, na kwa vitabu, mafuta na chakula nimekadiria 6,000 kwa mwaka. Ila huko hakuna kiti cha meno, atapigana na wenzake baadaye.

Mama yake hataki kusikia habari ya pili. Anasema mtoto kishapata, mnatafuta nini tena. Mimi ni dereva wa lori, hesabu zangu ni za maili na dizeli. Mwisho wa kujibu ni Mei 1.

---

Mchokozi254

Mzee, kwa nini asisomee udaktari kamili? Miaka saba kung'oa meno tu?

---

Gego_la_Mwisho

Mchokozi, nitakujibu ukija kwangu na jipu la jino saa nane usiku.

Shikamoo mzee BabaNeema. Niko mwaka wa tatu shule ya meno hapa Marekani. Nilizaliwa Moshi, nikaletwa huku nikiwa na miaka tisa. Mimi niliomba kwa njia ya kawaida kama kila mtu, lakini darasani ninao wenzangu waliokuja na mikataba kama wa binti yako, tunachimba kwenye meno yale yale ya plastiki, na maisha yao nimeyaona.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kuna kiti kinachotolewa mtoto akiwa bado haiskuli, ndicho hicho cha Neema. NJIT wanacho na Rutgers, Adelphi na NYU, Lehigh na Penn. Detroit Mercy na Marquette wanawapeleka kwenye shule zao wenyewe za meno. University of the Pacific kule California wanaenda mbio zaidi, kwa sababu shule yao ya meno pale San Francisco ni miaka mitatu badala ya minne. Mtoto aliyeiva anaweza kupita 2+3, akawa daktari miaka mitano baada ya haiskuli. Halafu kuna kiti kinachotolewa mtoto akiwa tayari chuoni, mara nyingi mwaka wa pili, kama chuo chake kina makubaliano na shule ya meno fulani. Hiki cha pili hukisikii kwenye maonyesho ya vyuo. Kinakaa kwenye ofisi ya mshauri wa masomo ya afya, na asiyegonga ule mlango hupita miaka minne bila kujua kilikuwepo.

Sasa hilo neno "wameshamwekea". Mimi sijaona kiti kisicho na masharti. Kuna GPA (wastani wa alama) ya jumla, kuna GPA ya sayansi peke yake, kuna DAT, yaani mtihani wa kuingia shule ya meno, kuna usaili, na baadhi wanataka kila somo la lazima lisomwe pale pale chuoni kwao. Neema ana masomo ya AP, yale ya kiwango cha chuo yanayosomwa haiskuli? Kuna shule za meno zinazokataa AP ya baiolojia au kemia kuwa badala ya somo la lazima, hata kama chuo kimempa krediti. Ukibana shahada kwenye miaka mitatu halafu ukaambiwa rudia baiolojia, ule mwaka uliookoa umeanza kuliwa.

Lakini hilo silo linalonisumbua kwenye hesabu yako, mzee. Umeandika 28,000 na umeandika 6,000. Shule ya meno yenyewe hujaiandika bei.

Tuhesabu kama unavyohesabu safari. Chuo binafsi miaka mitatu ni 84,000. Chuo cha jimbo miaka minne ni 24,000. Tofauti ni 60,000, na hapo ndipo mnapobishania wewe na mama Neema. Hiyo ni dizeli ya kutoka Columbus hadi Cincinnati. Safari yenyewe ni California. Madaktari wa meno wa Marekani wanaohitimu na deni wanatoka na kama dola laki tatu kwa wastani, na sehemu kubwa ya deni hilo ni ile miaka minne ya mwisho. Kuna shule binafsi za meno ambazo ada, vifaa na maisha vinapita laki moja kwa mwaka. Kwenye shule ya serikali ya jimbo lako unalipa kama mkazi, na pengo ni kubwa. Hapo mlipo Columbus, Ohio State wana shule ya meno na binti yako ni mkazi.

Kwa hiyo barua ya kwanza inampa kiti, ila inamchagulia pia duka miaka mitatu kabla hajaenda sokoni. Waulize: shule ya meno ni ipi, ni ya binafsi au ya jimbo, na yeye wa Ohio atalipa kama mkazi au kama mgeni?

---

BabaNeema_Columbus

Marahaba mwanangu. Hilo la bei ya shule ya meno sikulifikiria kabisa. Nimeitafuta sasa hivi. Ni ya binafsi. Nimekaa chini.

---

Chonge

Gego ameeleza vizuri ila ameegemea upande mmoja. Niseme na upande wa pili, maana dada yangu alipita mpango kama huu wa miaka saba na leo ana kliniki.

Mosi, muda. Takwimu za wizara ya kazi ya Marekani zinaweka mshahara wa kati wa daktari wa meno juu ya dola 160,000 kwa mwaka. Anayemaliza mwaka mmoja mapema anapata mshahara huo mwaka mmoja mapema. Hiyo 60,000 ya Gego imefunikwa na chenji inabaki.

Pili, utulivu, na hili hamlioni kwenye karatasi. Kila mwaka wanaomba watu zaidi ya elfu kumi, na wanaoingia ni zaidi kidogo ya nusu. Mfumo wa maombi unafunguliwa Mei, watu wanatuma kuanzia Juni, wanazunguka kwenye usaili, majibu ya kwanza yanaanza kutoka Desemba. Kila shule unayoongeza kwenye orodha ni zaidi ya dola mia, na watu wanaomba kumi, kumi na tano. Dada yangu hakupita humo. Wenzake wanakesha na fomu, yeye alikuwa anajitolea kwenye kliniki ya wasio na bima na kulala saa nne usiku. Mtoto aliyetulia anasoma vizuri zaidi.

Tatu, Neema ana miaka kumi na minane na anajua anachotaka tangu darasa la sita. Wangapi wana hiyo?

---

Gego_la_Mwisho

Chonge, la utulivu nakubali kabisa. Mwaka wangu wa maombi nilipungua kilo sita.

La mshahara nakubali nusu. Hiyo 160,000 ni kabla ya kodi, ni ya mtu wa kati wala sio ya anayeanza, na inakuja tu kama mtoto amefika. Deni la ziada linakuja hata asipofika.

---

Mama_wa_Lowell

Naomba niingilie hapo kwa "asipofika". Mimi ni Mkenya, nesi, niko Massachusetts. Sikuwa nataka kuandika haya lakini kijana wangu amenipa ruhusa.

Alipata kiti kama hiki. Chuo sikitaji, wala shule ya meno. Masharti yalikuwa GPA ya sayansi isishuke chini ya 3.4. Mwaka wa kwanza alikuwa na 3.7, tulimwita daktari kanisani, mchungaji akamwombea mbele ya watu. Mwaka wa pili akabeba kemia ogania, fizikia na masomo mengine mawili ya lazima kwa muhula mmoja, kwa sababu miaka mitatu haina nafasi ya kuyatawanya. Akapata C+ kwenye ogania. Mwisho wa yote akafika 3.38.

Ndugu zangu, 3.38. Aliandika barua, mwalimu wake akaandika barua. Wakamjibu kwa upole kwamba kamati haina uwezo wa kulegeza.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuniambia. Alijua Juni, mimi nikaambiwa Agosti, tukiwa kwenye maegesho ya duka la vyakula na mifuko mikononi. Na kulikuwa na shimo lingine hatukuliona: msaada wa chuo ulikuwa umepangwa kwa miaka mitatu. Mwaka wa nne, ambao kwa kila mwanafunzi mwingine ulikuwa kwenye mipango yake, kwetu ulitua kama bili ya hospitali.

Akasoma mwaka wa nne, akaomba kwa njia ya wazi, mara ya kwanza akakosa, mara ya pili akapata shule nyingine. Sasa yuko mwaka wa pili na anafanya vizuri. Kwa hiyo sio mwisho wa dunia. Lakini BabaNeema, waulize: akianguka kwa pointi moja, nini kinatokea kwa mwaka wa nne? Nani analipa? Sisi hatukuuliza. Tulikuwa tunasherehekea.

---

Gego_la_Mwisho

Mama, pole sana, na mpe kijana hongera zangu. Kuomba mara ya pili kunahitaji moyo.

Mzee, andika hilo swali kwenye karatasi. Na lingine: akiwa na kiti, anaruhusiwa kuomba shule nyingine? Kuna mikataba inayosema ukituma ombi popote umeachia kiti. Kuna mingine haijali.

---

Kusini_Kuchele

Habari za ughaibuni. Niko Mtwara. Nasoma huu uzi nikicheka kidogo, samahanini. Hiki mnachokiita kuingia mapema ndicho utaratibu wetu wa kila siku. Huku kijana akitoka Fomu Siksi na PCB yake nzuri (fizikia, kemia, baiolojia) anaingia Muhas, chuo kikuu cha afya cha Dar es Salaam, moja kwa moja kusoma DDS, yaani shahada ya udaktari wa meno, miaka mitano, kisha mwaka wa mafunzo kazini. Hakuna shahada nyingine kwanza. Kenya shahada hiyo wanaiita BDS, na ya Nairobi ni miaka mitano, Makerere nao hivyo hivyo.

Kwa nini msimlete Neema nyumbani? Deni la laki tatu za dola, kwa pesa ya madafu hiyo ni mamia ya mamilioni. Kwa deni hilo tunajenga zahanati tatu.

---

Chonge

Wazo zuri kama anataka kufanya kazi Tanzania. Akitaka kurudi Marekani ndipo kizungumkuti.

---

Gego_la_Mwisho

Kaka wa Mtwara, usicheke peke yako, hata mimi huwa nacheka. Binamu yangu wa Moshi ni mdogo kwangu kwa mwaka mmoja na tayari anatibu watu. Mimi bado naomba saini ya mwalimu kuziba tundu moja.

Ila Chonge ana hoja. Karibu kila jimbo la Marekani linatoa leseni kwa mtu aliyehitimu shule ya meno iliyoidhinishwa hapa au Kanada. Aliyesoma nje anaomba programu maalumu ya madaktari wa kigeni ndani ya shule ya meno ya Marekani, miaka miwili au mitatu zaidi, kwa ada kamili, na ushindani ni mkali. Kwenye kliniki yetu wapo madaktari kutoka India, Misri na Syria waliokuwa na wagonjwa wao kwao, sasa wanakaa kwenye benchi moja na sisi. Ni mafundi kuliko walimu wengine, niseme ukweli. Kwa hiyo Muhas ni njia nzuri ya kuwa daktari Tanzania. Kama njia ya kuokoa pesa kwa mtu atakayeishi Columbus, inazunguka mlima.

---

Kusini_Kuchele

Nimekuelewa dada. Basi akihitimu aje atutembelee hata wiki mbili, huku watu wanakuja na meno yameshaoza hadi mzizi.

---

Lubum_Louisville

Jambo kwenu wote. Mimi ni Mkongomani, niko Kentucky. Tulifika kama wakimbizi, sasa tuko na grini kadi. Mtoto wangu yuko mwaka wa kwanza chuoni, anataka meno pia. Hatukujua hizi njia za haiskuli, hakuna aliyetuambia. Basi tumechelewa? Na mikopo inatuhusu?

---

Gego_la_Mwisho

Karibu sana. Hamjachelewa hata kidogo, wengi wa darasa langu hawakuwa na kiti cha haiskuli. Mtoto wako aende wiki hii kwa mshauri wa masomo ya afya chuoni kwake aulize swali moja: chuo chetu kina makubaliano na shule gani ya meno kwa wanafunzi wa mwaka wa pili? Kama yapo, faida yake ni kubwa kuliko ile ya haiskuli, nadhani. Anakuwa ameshaonja kemia, anajijua. Hajafungwa tangu utotoni, na bado ataukwepa ule mwaka wa maombi.

Mikopo ya serikali inamhusu mwenye grini kadi, na hata mkimbizi ambaye bado hajaipata. Anayesubiri tu uamuzi wa hifadhi bado hahusiki, huyo aongee na ofisi ya fedha ya chuo mapema.

Na hapa kila mtu asikilize, BabaNeema hasa. Sheria imebadilika. Ile iliyosainiwa Julai 4, 2025 imeondoa mkopo wa Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Mkopo huo ndio sisi tulioutumia, unakopa hadi gharama yote ya shule. Sasa mwanafunzi mpya wa meno ana dari: 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla. Mkopo wa wazazi kwa shahada ya kwanza nao umewekewa dari, 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja.

Chukua shule inayohitaji laki moja kwa mwaka. Serikali inakupa nusu. Nusu nyingine unaenda benki, na benki haimkopeshi kijana wa miaka ishirini na moja kwa sura yake, inataka mdhamini. Mdhamini ni wewe mzee, na lori lako.

Ndiyo maana nilianza na bei ya shule ya meno. Miaka michache iliyopita ningekuambia chukua kiti, deni mtoto atalibeba mwenyewe polepole. Leo siwezi kusema hivyo kwa wepesi.

---

Chonge

Hapo umenipiga bao. Dada yangu alimaliza na Grad PLUS. Nilikuwa najua imeondolewa ila sikuiunganisha na hii habari.

Kuna ufadhili wa jeshi lakini. Jeshi la nchi kavu, la majini na la anga wanalipa shule ya meno yote, wanatoa na posho, na wewe unawatumikia mwaka mmoja kwa kila mwaka waliokulipia. Raia tu.

---

Mchokozi254

Kwa hiyo Neema aende vitani kupiga mswaki wanajeshi?

---

Mama_wa_Lowell

Mchokozi, wewe una kazi gani hapa lakini?

---

BabaNeema_Columbus

Neema ni raia tangu mwaka juzi, sote tulikula kiapo pamoja. La jeshi mama yake hatalikubali, tuliache.

Nina swali dogo. Barua inasema DAT isiwe chini ya 19. Neema ameingia mtandaoni akakuta alama ni mia nne na kitu. Tunachanganyikiwa. Na huo mtihani ukoje?

---

Gego_la_Mwisho

Barua imetumia kipimo cha zamani. DAT ilikuwa inatoa alama 1 hadi 30, na tangu Machi 2025 inatoa 200 hadi 600. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani, ambacho ndicho kinautunga, kimetoa jedwali la kulinganisha. Lakini msijitafsirie wenyewe. Waandikie, wawajibu kwa maandishi: 19 yenu ni ngapi kwa kipimo kipya? Mtoto asije akakosa kiti kwa sababu ya tafsiri.

Mtihani wenyewe una maswali mia ya sayansi, yaani baiolojia, kemia ya jumla na kemia ogania, kwa dakika tisini. Kuna kusoma na kuelewa, kuna hesabu. Halafu kuna sehemu ambayo mtihani wa udaktari wa kawaida hauna, maswali tisini ya macho na umbo. Unaonyeshwa karatasi imekunjwa mara tatu ikatobolewa, useme ikikunjuliwa matundu yatakuwa wapi. Unaonyeshwa pembe nne zinazofanana kabisa, uzipange kwa udogo. Rundo la vibao limepakwa rangi, uhesabu vingapi vimepakwa pande mbili. Saa moja, macho yanauma. Mimi nilifanya mazoezi kwa kukunja risiti za duka kazini.

Neema anasuka? Anashona? Anachora? Mkono uliozoea vitu vidogo unasaidia shuleni kuliko mnavyofikiri, na kwenye usaili wanauliza. Mwenzangu mmoja alieleza anavyosuka nywele za wadogo zake, wasaili wakasahau maswali mengine.

Na ambalo halingoji chuo chochote: akae na daktari wa meno kazini, amwangalie anavyofanya kazi. Washauri wengi wanataja saa mia kwa jumla kabla ya kuomba. Aanze sasa. Wapo wanaopenda wazo la meno hadi siku ya kwanza wanaposikia harufu ya jino linalochimbwa.

---

Lubum_Louisville

Aksanti dada. Mtoto wangu amepata miadi na huyo mshauri Alhamisi. Anasema hakujua ofisi iko ghorofa ya chini ya maktaba, anapita pale kila siku.

---

BabaNeema_Columbus

Wakuu nimerudi. Nilituma maswali matano kwa chuo cha 3+4, wamejibu baada ya siku tatu, na kwa kweli wamejibu vizuri, hawakuficha.

Shule ya meno: ya binafsi, hakuna bei ya mkazi, kila mtu analipa sawa. Akianguka masharti: anaweza kubaki mwaka wa nne, msaada wa chuo "utapitiwa upya", maana yake mnaijua. Kuomba kwingine: anaruhusiwa, lakini siku atakapotuma ombi kiti kimekwisha. AP: baiolojia hawaikubali, atarudia. DAT 19 wametuandikia ni ngapi kwa kipimo kipya, wakashukuru kwa kuwakumbusha.

Halafu Neema mwenyewe alienda chuo cha jimbo na rafiki yake, akaingia kwa mshauri bila kuniambia. Kaambiwa maombi ya kawaida ya shule ya meno wanayashughulikia kwa kamati, wanasoma barua zako, wanakufanyisha usaili wa majaribio. Kiti cha mwaka wa pili hawana. Hilo lilimkata kidogo.

Jana usiku tulikaa mezani watatu. Niliandika namba zenu kwenye karatasi ya nyuma ya bili ya matairi. Mama yake alisoma ya Mama wa Lowell mara mbili, hakusema kitu, akaenda kuosha vyombo. Baadaye akamuuliza Neema, "Ukikaa hapa, utaogopa?" Neema akasema ataogopa kote kote, ila hapa ataogopa akiwa anakula nyumbani.

Tunabaki. Kesho natuma jibu. Ile 60,000 sina, lakini ndiyo nitakayokuwa sijaikopa, na nimemwahidi nitaweka akiba kila mwezi kwa ajili ya shule ya meno. Sio nyingi. Ni kama tairi moja la lori kwa mwezi.

Jumamosi saa mbili asubuhi anaanza kukaa na daktari aliyening'oa lile gego. Bado anamkumbuka. Mimi ananikumbuka zaidi.

---

Mama_wa_Lowell

Hongera kwake, na mwambie mama Neema anipigie, namtumia namba inbox. Tutaongea kama wazazi.

---

Chonge

Mimi ningechukua kiti, lakini mimi sio mdhamini. Kila la heri mzee.

---

Mchokozi254

Wakubwa, tukiacha utani. Gego la chini kulia linaniuma tangu Jumatatu, sina bima. Dada Gego, nifanyeje?

---

Gego_la_Mwisho

Nilijua utakuja tu.

Tafuta shule ya meno iliyo karibu na wewe, piga simu kliniki yao, uliza huduma ya dharura. Wanaotibu ni wanafunzi, mwalimu anasimama juu ya kichwa chako, na bei ni ndogo kuliko ya mtaani. Nenda na kitabu, maana utakaa kwenye kiti masaa matatu. Ukivimba shavu, ukipata homa au ukishindwa kumeza, usisubiri miadi, nenda hospitali leo.

Na ukikutana na mwanafunzi anayetetemeka mikono, mvumilie.

---

Mchokozi254

Nimepata ya kesho saa nne. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Niombeeni.